Pesa za utafiti wa chanjo zinakwenda wapi, na je, mdogo wangu akubali kushiriki?

Swali:

"Mtaalamu, shikamoo. Kila baada ya miezi michache nasikia kwamba mamilioni ya dola au ya euro yametolewa kwa utafiti wa pamoja wa chanjo na dawa za malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Chanjo ya malaria ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Ya UKIMWI mpaka leo haipo. Ya Uviko ilipatikana chini ya mwaka mmoja! Nabaki kujiuliza, pesa hizi anakula nani? Kwa nini zisinunue dawa na vyandarua watu wapone leo? Nauliza pia kwa sababu mdogo wangu wa miaka 19 amealikwa kushiriki jaribio la chanjo ya kifua kikuu linalofadhiliwa na nchi na taasisi kadhaa. Nyumbani tumegawanyika. Mama anasema wanatafuta watu wa kujaribia tu. Tumwambie nini?"

Jibu:

Marahaba. Ndani ya swali lako kuna maswali matatu, nami nitayajibu kwa mpangilio wangu: kwanza kwa nini majibu huchelewa, kisha habari ya pesa, halafu mdogo wako. Nimefanya kazi kwenye majaribio ya chanjo na nimekaa kwenye kamati zinazosoma maombi ya ruzuku. Kwa hiyo unaponisoma ujue kwamba mshahara wangu umetoka kwenye pesa hizo hizo unazozitilia shaka.

Shaka yako siipuuzi. Penye fedha nyingi pana wenye mikono mirefu, na utafiti nao una wake. Lakini kwa niliyoyaona, wizi siyo ugonjwa mkubwa wa kazi hii. Ugonjwa mkubwa ni pesa kukatika njiani. Miaka mingi unayoihesabu kama miaka ya utafiti ilikuwa miaka ya kusubiri, matokeo mazuri yamelala kabatini kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kulipia hatua inayofuata. Nitakuonyesha kwa mifano, ila kwanza tuiweke sawa habari ya Uviko, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza.

Chanjo haipimwi kwa kuwaangalia waliochanjwa wakiwa wazima. Wazima wangekuwepo hata bila chanjo. Awamu ya kwanza ya majaribio huhusisha makumi ya watu na hasa huangalia usalama. Ya pili huhusisha mamia, ikitafuta kipimo kinachofaa na kuona kama mwili unajenga kinga. Awamu ya tatu ndiyo ghali kuliko zote. Maelfu ya watu hugawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wapate chanjo na wengine wasipate, kisha mnakaa kusubiri. Mnasubiri watu waugue wenyewe katika maisha yao ya kawaida, ndipo mhesabu wagonjwa wametoka upande gani. Wasipougua wa kutosha, hakuna jibu, hata kama mmetumia pesa zote.

Sasa linganisha. Jaribio la chanjo ya Uviko ya Pfizer na BioNTech lilianza awamu yake kubwa mwishoni mwa Julai 2020 likiwa na watu wapatao 44,000. Kufikia Novemba wagonjwa 170 walikuwa wameshahesabiwa: 162 upande wa wasiochanjwa, 8 upande wa waliochanjwa. Ugonjwa ulikuwa unawaka kila kona, kwa hiyo jibu lilikuja kwa miezi. Chukua sasa chanjo ya kifua kikuu iitwayo M72, iliyojaribiwa Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima zaidi ya 3,500 ambao tayari walikuwa na vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Walifuatiliwa miaka mitatu. Wagonjwa waliopatikana kwa muda wote huo walikuwa 39, yaani 26 kwa wasiochanjwa na 13 kwa waliochanjwa. Kinga ya karibu nusu. Ni habari njema kweli, lakini imesimama juu ya watu 39, na hakuna serikali itakayonunua chanjo ya taifa zima kwa ushahidi huo. Lazima jaribio lirudiwe kwa ukubwa.

Kuna na tofauti ya adui mwenyewe. Watu wengi waliougua Uviko walipona kwa kinga zao, kwa hiyo chanjo ilihitaji kuiga kitu ambacho mwili tayari unaweza kukifanya. Na watafiti hawakuanzia sifuri: walikuwa wameshachunguza virusi vya jamii hiyo tangu mlipuko wa SARS na ule wa MERS. VVU ni kesi nyingine kabisa. Vinajificha ndani ya jeni za chembe za mwili na kubadilisha gamba lao kila mara, na karibu hakuna mtu anayejulikana kuviondoa kwa kinga yake ya asili. Utaiga nini? Kimelea cha malaria nacho kina jeni zaidi ya 5,000 na hubadilika umbo kikitoka kwenye ini kuingia kwenye damu. Hata BCG, chanjo ya kifua kikuu tuliyonayo tangu 1921, huwakinga watoto wadogo na aina kali za ugonjwa lakini huwasaidia watu wazima kidogo sana.

Jambo la mwisho kuhusu Uviko, na ndilo linalohusu mfuko. Wengi wanadhani hatua za usalama zilirukwa. Hazikurukwa. Zilipandishwa juu ya nyingine: awamu ya pili ikianza wakati ya kwanza bado inaendelea, viwanda vikitengeneza dozi kabla matokeo hayajajulikana. Serikali tajiri zilikubali kubeba hasara kama chanjo ingeshindwa. Kwa kifua kikuu na malaria hakuna aliyekubali kubeba hasara ya namna hiyo, kwa hiyo kila hatua husubiri iliyotangulia imalizike, ichapishwe, ijadiliwe, ndipo aanze kutafutwa wa kulipa.

Hiyo M72 niliyokutajia ilitoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2018. Awamu ya tatu ilianza 2024, Afrika Kusini. Katikati hapo leseni ilihama kutoka kwa kampuni iliyoibuni kwenda taasisi ya utafiti ya wakfu wa Gates, na mwaka 2023 ndipo Gates na Wellcome, mifuko miwili ya hisani inayofadhili utafiti wa afya, walipotangaza kwamba watatoa takriban dola milioni 550 kwa jaribio lililopangwa kuwa na watu wapatao 26,000 barani Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia. Kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25 mwaka 2023 pekee. Zidisha kwa miaka ya kusubiri.

Ebola inauma zaidi. Wanasayansi wa maabara ya taifa ya Kanada, Winnipeg, walichapisha mwaka 2005 kwamba chanjo yao iliwakinga nyani kikamilifu. Ikakaa. Hakukuwa na soko. Ugonjwa ulikuwa ukizuka vijijini, unaua makumi au mamia ya watu, unazima. Mwaka 2014 Guinea, Liberia na Sierra Leone ziliposhika moto, ndipo chanjo ile ikaanza kufanyiwa majaribio kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Jaribio la Guinea la mwaka 2015, la kuchanja watu waliomzunguka kila mgonjwa, lilionyesha kwamba inafanya kazi vizuri sana. Mlipuko ulikuwa umeshaelekea mwisho na zaidi ya watu 11,000 walikufa. Ni aibu hiyo iliyozaa CEPI mwaka 2017, mfuko ulioanzishwa na Norway, India, Gates, Wellcome na Jukwaa la Uchumi Duniani ili kulipia chanjo za magonjwa ya mlipuko kabla mlipuko haujatokea.

Ukitaka kuona pesa hizo zinanunua nini, itazame Uganda mara mbili. Septemba 2022 ulizuka aina ya Ebola ya Sudan, ambayo chanjo ile ya Kanada haiikingi. Chanjo nyingine za majaribio zilikuwepo, lakini si katika chupa zilizo tayari. Dozi zilifika Desemba, wakati hakukuwa tena na mgonjwa wa kuzungukwa. Jaribio likafa kabla halijaanza. Mlipuko wa aina hiyo hiyo ulitangazwa tena mwishoni mwa Januari 2025. Safari hii dozi zilikuwa zimeshahifadhiwa nchini, itifaki ya utafiti ilikuwa imeshaandikwa, watafiti wa Makerere na wa taasisi ya virusi ya Uganda walikuwa wameshafunzwa, na chanjo ya kwanza ilidungwa siku nne baada ya tangazo. Katikati ya milipuko hiyo miwili, mtu wa nje aliyeuliza "pesa zinafanya nini?" asingeonyeshwa chochote isipokuwa majokofu yaliyojaa na watu waliokuwa wakisubiri.

Kwa hiyo pesa zinakwenda wapi? Kwa sehemu kubwa zinakwenda kwa watu na muda. Wauguzi wanaomfuatilia kila mshiriki kwa miaka. Nauli za washiriki. Bima yao. Majokofu, jenereta, usafirishaji wa sampuli. Wakaguzi wa takwimu wanaopitia kila fomu. Bodi huru ya usalama yenye mamlaka ya kusimamisha jaribio katikati. Ukisikia "mamilioni yametolewa", mara nyingi hiyo ni ahadi ya miaka mitano au zaidi, inayolipwa kidogokidogo kadiri hatua zinavyokamilika, na sehemu yake si fedha taslimu bali ni mishahara na maabara ambazo nchi wanachama wanazihesabu kama mchango wao. Ubia wa Ulaya na nchi za Afrika kusini mwa Sahara, EDCTP, unafanya kazi hivyo. Ulianza 2003 kwa UKIMWI, malaria na kifua kikuu, Umoja wa Ulaya ukitoa euro milioni 200. Awamu ya pili, kuanzia 2014, sehemu ya Umoja wa Ulaya ikapanda hadi milioni 683. Awamu ya sasa imepangiwa zaidi ya euro bilioni 1.6 kutoka pande zote kwa karibu miaka kumi. Zinasikika kama pesa nyingi, na mimi nasema ni nyingi, lakini ukilinganisha na dola milioni 550 za jaribio moja tu la chanjo moja, utaona zinavyonyooshwa.

Na ushirikiano wenyewe si mapambo ya kuwapendezesha wafadhili. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto na wachanga zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba, toka Burkina Faso hadi Msumbiji, kwa sababu malaria ya eneo lenye msimu mfupi wa mvua si malaria ya eneo ambalo mbu wapo mwaka mzima. Kituo kimoja kingetoa jibu la kituo kimoja. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 wakapata dozi nne, visa vilipungua kwa takriban asilimia 36 kwa miaka minne. Kinga ya wastani, tukubali. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni chanya, lakini kulikuwa na maswali ya usalama yaliyohitaji kuangaliwa kwa watoto wengi zaidi, na kulipia uchunguzi huo ilibidi mifuko mitatu ya kimataifa ya afya, Gavi, Global Fund na Unitaid, iungane. Chanjo zikaanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya 2019. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021, na baadaye ikaonekana kwamba katika maeneo yaliyochanja, vifo vya watoto wa umri huo vilipungua kwa asilimia 13. Kuuliza maswali yale ilikuwa halali kabisa. Kuchukua miaka minne kabla ya kuanza kuyajibu ndiko ninakokulalamikia.

Je, kuna mradi ulioenda vizuri toka mwanzo? Upo, na ninapenda kuwasimulia vijana wanaoandika maombi ya ruzuku. Mwaka 1996 na 1997 homa ya uti wa mgongo iliwapata zaidi ya watu 250,000 katika ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia na kuua zaidi ya 25,000. Makampuni makubwa hayakuvutiwa kutengeneza chanjo. Wagonjwa walikuwa maskini. Shirika la Afya Duniani na PATH, shirika la afya lisilo la faida, wakapewa dola milioni 70 na Gates mwaka 2001. Walichofanya kwanza, kabla ya maabara, ni kuwauliza viongozi wa afya wa nchi husika wanaweza kulipa kiasi gani. Jibu likawa chini ya nusu dola kwa dozi. Bei hiyo ndiyo ikawa sharti la kwanza la mradi. Mbinu ya kutengeneza ilitoka kwa wanasayansi wa mamlaka ya dawa ya Marekani, uzalishaji ukapewa Serum Institute ya India, majaribio yakafanyika kwenye nchi zenyewe za ukanda na India. Desemba 2010 Burkina Faso ikaanza kuchanja kitaifa. Mamia ya mamilioni ya watu wamechanjwa tangu hapo, na kundi A la bakteria wa homa hiyo, lililokuwa likisababisha milipuko mikubwa, limekaribia kutoweka kabisa.

Nauliza swali la bei kila ninaposoma ombi jipya: nani atanunua, kwa kiasi gani, na imeandikwa wapi? Ombi likinijibu kwa kurasa nne za biolojia, nalirudisha.

Tuje kwenye hoja yako ya vyandarua. Hapo uko karibu na ukweli kuliko unavyodhani, lakini hujaufikia. Ni kweli kwamba mtoto anayekufa leo kwa kukosa dawa iliyopo hafaidiki na chanjo ya mwaka 2035, na mimi nikilazimishwa kuchagua katika wilaya isiyo na dawa mseto ya malaria wala vipimo, nitanunua dawa na vipimo. Bahati nzuri pesa hizi mara nyingi hazitoki mfuko mmoja. Global Fund ananunua, EDCTP anatafiti. Ila zana tulizonazo zinachakaa. Vimelea vya malaria vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Mbu wamezoea dawa ya zamani ya vyandarua. Chandarua chenye dawa mbili kinachogawiwa sasa kilithibitishwa kwa jaribio lililofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, lililochapishwa 2022, ambapo kiliwakinga watoto vizuri zaidi kuliko cha kawaida. Hata chandarua unachotaka kinunuliwe, kwa hiyo, kimepita kwenye mkoba wa utafiti.

Au chukua malale. Kwa miongo mingi mgonjwa aliyefikia hatua ya ubongo alidungwa melarsoprol, dawa yenye asili ya sumu ya aseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Tungeweza kuendelea kuinunua. DNDi, ubia ulioanzishwa 2003 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na taasisi za umma kama KEMRI ya Kenya na Fiocruz ya Brazil, ulifufua kiambata kilichokuwa kimesahaulika, ukashirikiana na kampuni ya dawa ya Sanofi, na 2018 ikapata idhini dawa ya vidonge ya siku kumi, fexinidazole. Mgonjwa anameza.

Yako majaribio yanayoshindwa, nayo yanakula pesa. Jaribio la chanjo ya VVU la Uhambo, Afrika Kusini, lilisimamishwa Februari 2020 baada ya kuhusisha zaidi ya watu 5,400, kwa kuwa chanjo haikuwa ikizuia maambukizi. PrEPVacc, lililofanyika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini kwa fedha za EDCTP na kuongozwa na watafiti wa Kiafrika, lilisitisha kuchanja 2023 kwa sababu hiyo hiyo. Sizihesabu kuwa hasara. Bodi huru iliona, ikasema, washiriki wakaambiwa, njia hiyo ikafungwa. Hasara ninayoihesabu ni ile ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na majaribio kadhaa yakakatika katikati. Mradi wa chanjo ya VVU uitwao BRILLIANT, unaoongozwa kutoka Afrika Kusini, ulipoteza ruzuku ya zaidi ya dola milioni 45 ukiwa unajiandaa kuanza jaribio. Hapo hukupata ndiyo wala hapana. Ni shamba lililolimwa likapandwa, halafu likaachwa bila palizi. Serikali zetu zina sehemu yao: Umoja wa Afrika uliweka lengo la kila nchi kutumia asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na nchi nyingi hazijalifikia hadi leo. Anayelipa peke yake ndiye anayeweza kukata peke yake.

Sasa mama, na hofu yake. Mwambie ana haki. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko ule wa homa ya uti wa mgongo nilioutaja, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa yake mpya huko Kano, Nigeria, na baadaye familia zikadai kwamba hazikuelezwa ipasavyo. Kesi zilidumu miaka. 2009 kampuni ilikubali suluhu ya dola milioni 75 na Jimbo la Kano bila kukiri kosa. Watu hawakuitoa hofu hewani. Ila tangu hapo mambo mengi yamekazwa. Jaribio linatakiwa kupitishwa na kamati ya maadili ya nchi lilipo, si ya nchi ya mfadhili tu, na mamlaka za dawa za Afrika zina jukwaa lao la pamoja, AVAREF, tangu 2006, la kukagua majaribio kwa kushirikiana. Pia mwondoe wasiwasi mmoja: katika jaribio kama la mdogo wako hakuna anayeambukizwa kifua kikuu makusudi. Tafiti za kuambukiza kwa makusudi zipo, kwa mfano za malaria zilizofanyika Kilifi na Bagamoyo, lakini ni za watu wazima wachache waliojua na kukubali, kwa ugonjwa unaotibika, chini ya uangalizi wa karibu.

Kama mdogo wako angekuwa wangu, nisingemwambia akubali wala akatae. Ana miaka 19; uamuzi ni wake, na ridhaa iliyotolewa kwa kusukumwa na familia ni mbovu sawa na iliyotolewa kwa kusukumwa na daktari. Ningemwambia asisaini siku ya kwanza. Achukue karatasi ya maelezo, alale nayo, aisome na mtu anayemwamini. Kisha arudi kuuliza: jaribio liko awamu ya ngapi na chanjo hii imeshadungwa watu wangapi? Uwezekano wa kupata sindano ya kulinganishia, isiyo na chanjo ndani yake, ni kiasi gani? Nikiumia kwa sababu ya chanjo, nani ananitibu, bima ni ya nani, na inaisha lini? Damu yangu itahifadhiwa wapi, na itatumika kwa kingine? Ikithibitika inafaa, sisi ambao hatukupata chanjo tutapewa? Mtafiti mzuri hujibu maswali haya bila kukasirika. Nimewahi kuona wanaokasirika. Ningemwomba aondoke hapo hapo.

Faida zipo pia. Atapimwa mara kwa mara, na kifua kikuu kikionekana kitagunduliwa mapema. Hasara nazo ni za kawaida lakini ni za kweli: muda, safari, maumivu ya mkono na homa ya siku moja mbili, na uwezekano mdogo wa madhara ambayo bado hayajulikani. Posho anayopewa ni ya kufidia nauli na muda. Akiona kinachomvuta ni posho peke yake, afikirie upya. Anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza haki ya matibabu yake ya kawaida.

Kuna hali ambazo jibu langu halitoshi na lazima amwone mtu ana kwa ana. Kama ana ujauzito au anapanga kuupata, ana VVU, anatumia dawa za kupunguza kinga, au aliwahi kupata mzio mkali baada ya sindano, amweleze daktari asiyehusika na jaribio kabla ya kusaini. Akishachanjwa, akapata shida ya kupumua, uvimbe wa uso au midomo, kuzimia, au homa kali isiyoshuka, asisubiri miadi. Apige namba ya dharura iliyoko kwenye kadi ya mshiriki, na kama haipokelewi aende hospitali iliyo karibu na kadi mkononi. Na mkiona jambo la kimaadili limekaa vibaya, kama kulazimishwa, kunyimwa matibabu au fomu kusainiwa kwa niaba yake, msilipeleke kwa mtafiti huyo huyo. Karatasi ya ridhaa inatakiwa kuwa na simu ya kamati ya maadili. Isipokuwepo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutosaini. Ikiwepo, ipigeni mapema, hata kabla ya tatizo, muone kama inapokelewa. Nakala ya fomu aliyosaini aombe apewe, iwekwe nyumbani mahali ambapo mama anapajua.